Ngozi ya Chembe

9 Februari

Kwa mpwa wangu, Fundi Mkuu wa Pikipiki za Umeme na mrithi halali wa ubishi wa dada yangu,

Kwa heshima na taadhima, na baada ya kutafakari kwa kina, napenda kuutangazia ukoo mzima kwamba miwani yangu imepatikana. Ilipotea Jumatatu asubuhi. Msako uliendeshwa na watu watatu wenye shahada za uzamivu, mmoja akiwa amepiga magoti chini ya meza. Mimi nilipoinama kuwasaidia, miwani iliteremka kutoka kichwani ikakaa puani, mahali pake kabisa. Hakuna aliyecheka kwa sauti. Huyu ndiye mtu uliyemkabidhi betri zako.

Hamjambo huko? Mimi ni mzima, kitambi nacho ni kizima na kinawasalimu. Mwambie dada kwamba sweta alilonifumia linanitosha mikono, na mikono imefurahi. Baba yako naye mpe salamu zangu, mwambie shemeji yake bado hajajifunza kutengeneza pasi.

Umefanya vizuri kuandika. Tukipigiana simu mama yako anamnyang'anya kila mtu kifaa, ananiuliza nimekula nini, anasimulia ndoa za watu nisiowajua, na tunaagana kabla hatujafika kwenye betri.

Sasa tufike. Kifurushi nimekipokea kwa mkono wa yule dereva wa lori, rafiki ya baba yako. Seli mbili zilizochomolewa ndani ya betri zako, kama ulivyosema: moja imechoka, nyingine mpya ambayo haijawahi kuonja chaja yako. Ile mpya nimeitia kwenye droo. Betri mpya tunajua zilivyo ndani, nimeziangalia miaka mingi. Mzima na apumzike, nishughulike na mgonjwa.

Swali lako nimelielewa hivi, unisahihishe kama nimekosea. Betri unazowakodisha wapeleka mizigo zinakufa kabla ya nusu ya umri wake. Aliyekuuzia, huyo unayemwita Bwana Mkoba, anasema mmezichaji kupita kiasi na kwa hiyo dhamana haiwahusu. Wewe unasema ni mali mbovu. Unataka picha ya ndani iamue.

Itaamua. Hapa kwetu kazi yenyewe ndiyo hiyo, na mkuu wangu amekubali seli yako iingie kwenye utafiti wetu. Mashine tunaiita Mama Mkwe. Ni ndefu kuliko mlango wa nyumba yenu. Haipendi kelele, haipendi joto, haipendi baridi, na mtu akipita koridoni na viatu vizito inanuna. Kwa jina lake rasmi ni hadubini ya elektroni. Haitumii mwanga kama hadubini za shuleni. Inarusha elektroni zipenye kwenye kipande chembamba mno, na upande wa pili zinatuchorea kilichomo, mpaka safu za atomu zenyewe.

Nipe muda kidogo tu.

Mjomba wako

*

3 Machi

Shikamoo mjomba,

Barua yako tumeisoma kwa sauti mezani. Ya miwani baba aliomba irudiwe. Mama anasema sweta halina kosa, ni wewe uliyeongezeka, na anauliza umekula nini.

Sisi ni wazima. Magoti ya mama yanasumbua akipanda ngazi, lakini akisikia mlango wa jirani umefunguliwa anashuka kama mtoto. Mdogo wangu amepata kazi kwenye duka la miwani. Anasema una punguzo.

Karakana inaenda, mjomba, inaenda kwa kuchechemea. Wiki hii wapeleka mizigo wawili wamerudisha betri wakiwa njiani na mizigo ya watu. Mmoja alisukuma pikipiki mpaka mlangoni kwangu, akaiegesha, akasema, "Dada, mimi nimekodi betri, sikukodi mazoezi." Wengine walicheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikaingia ndani nikakaa juu ya tairi.

Bwana Mkoba alikuja. Alifungua mkoba, akatoa karatasi, akaufunga. Alisema betri zinazochajiwa ipasavyo hazifi hivi, na akatazama meza ya chaja kwa muda mrefu. Nilimwambia chaji inafanywa kwa kufuata maelekezo, na kwamba kuna mtaalamu wa ukoo anayeangalia ndani. Akasema atasubiri, dhamana ipo mpaka mwisho wa mwaka.

Kwa hiyo tunakusubiri wewe. Usituangushe, Profesa Vumbi.

Mpwa wako

*

28 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Punguzo nalikubali, miwani nimeikalia.

Nashukuru kwa habari za magoti na za ngazi. Huku hakuna jipya, ila mtafiti anayenifuata kwenye zamu ya mashine, yule mama anayechunguza saruji, ameanza kufika mapema na kusimama mlangoni huku anakohoa. Ana kikohozi cha adabu sana. Kila nikikisikia nageuza kitufe kupita lengo na picha inakuwa ukungu.

Seli yako tumeifungua ndani ya kisanduku kisicho na hewa. Ndani kuna utepe mrefu uliokunjwa kama mkeka. Upande chanya, tunaouita kathodi, umepakwa kitu cheusi kama masizi. Masizi hayo ni chembe, na kila chembe ni ndogo kuliko vumbi la chaki. Ninaikata chembe iwe kipande chembamba ajabu, naipeleka kwa Mama Mkwe, naomba ruhusa, natazama.

Ili ujue ninachotafuta: chukua rimu ya karatasi. Chembe nzuri iko hivyo, tabaka juu ya tabaka. Katikati ya karatasi inakaa lithiamu. Ukichaji, lithiamu inatoka. Ukiendesha pikipiki, inarudi. Ndiyo kazi yake yote, kutoka na kurudi. Lakini ukiitoa kwa pupa, ukachaji kupita kiasi, karatasi zinabaki bila kitu katikati. Nikeli iliyomo kwenye karatasi zenyewe inahama, inakwenda kukaa kwenye viti vya lithiamu, na mpangilio wote unageuka, tabaka hazipo tena, panakuwa na kitu kilichoshikana kila upande kama chumvi ya mawe. Kugeuka huko kunaanzia nje. Chembe inaota ngozi. Lithiamu ikirudi inakuta mlango umezibwa.

Kwa hiyo ninatafuta ngozi. Ikiwepo nene, Bwana Mkoba anazungumza kweli. Isipokuwepo, anazungumza kwa mkoba.

Sasa swali dogo la mjomba mzee. Umeandika "chaji inafanywa kwa kufuata maelekezo." Inafanywa. Nimekaa na neno hilo kwenye basi. Nakujua tangu unavunja vikombe: "kikombe kimevunjika," ulikuwa unasema. Anayechaji ni nani?

Mjomba

*

19 Aprili

Mjomba shikamoo,

Sikutaka kuandika hili kwa sababu barua zako zinasomwa mezani. Hii naiandika karakana. Ukijibu, mpe dereva mkononi, umwambie ni yangu peke yangu.

Anayechaji ni baba.

Tangu alipostaafu kiwanda cha nguo alikuwa anazunguka nyumbani anakaza skrubu ambazo hazijalegea. Mama aliniambia, mtafutie kitu huyu kabla hajafungua jiko. Nikampa meza ya chaja. Mjomba, amekuwa mtu mwingine. Anavaa lile koti lake la kazi la bluu, analipiga pasi mwenyewe. Kila betri ameipa jina. Wapeleka mizigo wanamwita Mzee Volti na wanamletea habari za mji mzima.

Na ana lile jambo lake. Taa ya chaja ikigeuka kijani yeye haitoi betri. Anaiacha. "Hiyo taa imewekwa na mtu mwenye haraka," anasema. "Niongezee kidogo ishibe." Nilimwambia mara moja. Alinitazama kama nimemwambia hajui kufunga kamba za viatu. Miaka yote kiwandani mota zote zilikuwa mikononi mwake. Sikurudia tena.

Bwana Mkoba alikuja tena. Safari hii alimuuliza baba mbele ya watu, "Mzee, wewe ndiye unayezijaza hizi?" Baba akasema ndiyo, kwa fahari. Bwana Mkoba akaandika kitu. Baba alidhani anasifiwa.

Umeona nini, mjomba? Sema tu.

*

11 Juni

Mpwa wangu mpendwa,

Najua nimechelewa. Dereva alipita huku mara mbili na mara zote mbili nilimwambia barua haijaisha. Ya kwanza ilikuwa kweli.

Natumaini magoti yanaendelea vizuri na kwamba baba yako ni mzima. Huku tumekuwa na matatizo. Kiyoyozi cha chumba cha mashine kimeanza kunguruma na Mama Mkwe hasikii la mtu. Picha zinacheza. Wametuletea fundi, akasema kiyoyozi ni kizima, tatizo ni lifti. Fundi wa lifti akasema lifti ni nzima, tatizo ni kiyoyozi. Nimewaacha wakitafutana. Nilipoteza zamu nzima nikisubiri kipande kitulie, na kilipotulia kikohozi kikaanza mlangoni. Nimeomba zamu zaidi. Nimemfokea mtu kwa sababu alifunga kabati. Nimeiangalia chembe moja tangu kufunguliwa kwa mlango mpaka kikohozi, nikairudia kesho yake, nikairudia tena. Sijawahi kuona kazi inayokataa kuisha hivi.

Picha bado hazijakaa sawa. Zikikaa nitakuandikia.

Wasalimie wote.

Mjomba

*

26 Juni

Mjomba,

Hujambo. Sisi hatujambo.

Wewe ni mtu uliyewahi kunitumia picha ya kiatu chako kwa sababu kamba ilikatika kwa namna ya kupendeza. Barua tatu za betri, na hakuna picha hata moja. Na ya mwisho haina mzaha isipokuwa wa fundi wa lifti, nao hukuutia moyo.

Umeona. Umeona kitambo. Umekaa nacho.

Baba haulizi tena "mjomba wako anasemaje." Anafuta vichwa vya betri kwa kitambaa mpaka vinang'aa, anapanga upya meza, halafu anapanga tena. Nadhani amewasikia wapeleka mizigo wakizungumza.

Mimi si mtoto wa vikombe tena. Niandikie.

*

14 Julai

Mpwa wangu,

Haya.

Ngozi ipo.

Nakutumia picha ndani ya bahasha. Sehemu yenye mistari iliyopangika, kama kitambaa kilichofumwa vizuri, ndiyo tabaka. Pembeni, ukanda ule wenye vitone vilivyobanana ndio ngozi, ile chumvi ya mawe. Ni nene. Niliiona mara ya kwanza Aprili, siku chache kabla barua yako kuhusu baba yako haijanifikia. Nilikuwa nimeshaandika aya moja ya kukueleza. Nikaisoma barua yako, nikaichana yangu.

Baada ya hapo, nikuambie ukweli, nilikuwa natafuta njia ya kutokea. Nilisema labda ni chembe hii tu. Nikaenda kwa jirani yake: nikatafuta mahali pazuri, nikanyoosha, nikalenga, nikasubiri itulie, ngozi ipo. Kwa jirani mwingine, ipo. Nikairudia ile ya kwanza kwa matumaini kwamba nimekosea kuipima, na kila nikiirudia ngozi inaonekana wazi zaidi. Nadhani mkono wangu umezoea kulenga. Huwezi kujua inavyoudhi kufanya kazi yako vizuri zaidi kila siku ili kupata jibu usilolitaka.

Mkuu wangu ameziona. Kasema ni mfano safi kabisa wa seli iliyochajiwa kupita kiasi, na ameomba kuuonyesha kwenye mkutano. Nilitamani kumpiga na kiti.

Kwa hiyo Bwana Mkoba ana haki. Kule kuongeza ishibe ndiko kumezibomoa. Jinsi ya kumwambia baba yako sijui. Nimekuwa shemeji yake tangu nikiwa na nywele. Kama unataka nije niseme mimi, sema.

Mjomba

*

30 Agosti

Mjomba,

Hukuhitajika kuja. Nilimwambia mwenyewe.

Nilimwonyesha picha yako kwenye meza ya chaja, asubuhi kabla watu hawajafika. Nilijiandaa kwa ubishi. Nilikuwa na maneno yote tayari. Hakubisha. Alivaa miwani, akaitazama kwa muda, akaniuliza, "Hapa ndipo ilipoungua?" Nikasema ndiyo baba. Akasema, "Mjomba wako ni mtu makini." Akavua koti, akalikunja, akaliweka juu ya kiti, akaniachia na funguo.

Sasa yuko nyumbani. Hakazi skrubu. Hilo ndilo linalomtisha mama, bora angefungua jiko. Wapeleka mizigo wanauliza Mzee Volti yuko wapi, nasema anapumzika. Dereva wako wa lori alikwenda kumsalimia, akaambiwa amelala. Ilikuwa mchana.

Mama hataki kusikia jina lako. Nilimwambia mjomba hajafanya chochote, ameangalia tu. Akasema, "Basi angeangalia kwingine." Sweta la pili alilokuwa anafuma amelifumua, uzi umerudi kwenye mpira.

Nami nina hasira na wewe, nakuandikia ujue. Si kwa sababu ulisema. Kwa sababu ulikaa nayo tangu Aprili, na muda wote huo baba alikuwa anazijaza betri na kuzipa majina, na Bwana Mkoba anamwandika. Ungesema mapema ningemtoa pale kwa utaratibu, kwa hila yoyote, asijue. Umeniachia jambo likiwa limeiva.

Chaji nafanya mwenyewe. Taa ikiwa kijani nachomoa, siongezi hata nukta. Kuna betri mpya nne za Bwana Mkoba, ambazo baba hajazigusa kabisa, nilizianza mwenyewe Julai. Mbili zimeshaanza kuchoka. Labda chaja imeharibika nayo. Sijui tena. Nimechoka kujua.

Mwisho wa mwaka si mbali. Bwana Mkoba ameacha karatasi ya kukiri nisaini. Bado sijasaini kwa sababu kalamu siioni, na kalamu iko sikioni kwangu. Unaona, nimerithi na kwako.

*

22 Septemba

Kwa mpwa wangu, na kwa shemeji, na kwa dada kama atakubali kukaa chumba kimoja na barua yangu,

Hii naomba isomwe mezani, kwa sauti, wote mkiwepo. Salamu nitaziweka mwisho. Usisaini karatasi ya Bwana Mkoba. Hata ukiipata kalamu.

Nieleze kilichotokea, kama kilivyotokea, bila kujipamba.

Barua ya Agosti niliisoma ofisini. Nilipofika kwenye betri nne ambazo shemeji hakuzigusa, niliirudia sentensi ile. Halafu nikafanya kile ambacho hufanywa na mtu aliyeshikwa na hasira na hajui amkasirikie nani: nikaenda kwa Mama Mkwe. Nilikuwa na mabaki ya zamu, si zamu nzima. Nikaweka kipande cha seli yenu nikazunguka huku na huku bila mpango. Kikohozi kikaanza mlangoni. Nikasema nakuja, nikavaa begi begani, na kabla ya kuzima nikapiga picha moja ya chembe iliyokuwa pembeni kabisa, ambayo sikuwahi kuisogelea. Sikuilenga. Sikuisubiri itulie. Nilibonyeza tu, kama mtu anayepiga picha ya basi linaloondoka.

Picha ilikuwa na ukungu kidogo, lakini inasomeka. Tabaka zilikuwa zimenyooka mpaka ukingoni kabisa. Pembeni palikuwa na utando mwembamba sana, wa kawaida kwa betri yoyote iliyofanya kazi. Ngozi haikuwepo.

Mama wa saruji aliingia akanikuta nimesimama na begi. Akauliza, "Vipi, imeharibika?" Nikamwambia, "Naomba unipe zamu yako." Alinitazama, akakohoa mara moja, akaenda kunywa chai. Mungu ampe maisha marefu.

Nikabaki na chembe ile. Sasa nikaifanyia kama nilivyozifanyia zile nyingine: nikaisogelea, nikalenga, nikasubiri itulie, nikarudia. Nikaiona ngozi inaota. Mbele ya macho yangu, ukingoni, mistari inavunjika, vitone vinabanana, ukanda unaingia ndani. Hakuna chaja iliyounganishwa. Hakuna mtu aliyeongeza ishibe. Kulikuwa na mimi tu, na elektroni zangu zikiipiga.

Maana ndivyo mashine hii inavyotazama. Haitazami bure. Kila inapotazama inapiga, na ikipiga mahali pamoja kwa muda mrefu inang'oa hewa ya oksijeni kutoka kwenye chembe, nikeli inahama, na tabaka zinageuka ile ile chumvi ya mawe. Kwa macho huwezi kuitofautisha na iliyoletwa na chaji. Jambo hili si siri. Liko kwenye vitabu. Nimewaonya vijana wa hapa kwa mdomo huu huu: usikae sana mahali pamoja. Halafu mimi, kwa kuwa nilitaka sana shemeji asiwe na hatia, nikakaa mahali pamoja kuliko mtu yeyote, na kila nilivyozidi kumtafutia nafasi ya kutoka ndivyo nilivyozidi kuuziba mlango. Nikaandika eti mkono wangu umezoea kulenga.

Kuna kubwa zaidi. Kesho yake nilifungua droo nikaitoa seli mpya, ile uliyonitumia Februari makusudi ili nilinganishe. Uliileta, nikaipumzisha, kwa sababu najua betri mpya zilivyo. Niliifungua. Nikatazama kwa miale hafifu, kila chembe mara moja tu, na kuhama. Nikaifanyia vivyo hivyo ile iliyochoka, kwenye vipande vipya nilivyovikata upya. Hakuna ngozi kwenye yoyote. Lakini chembe za zote mbili zina nyufa, nyufa zinazoanzia katikati kuelekea nje. Ile iliyochoka zimeachana zaidi. Ile mpya zimeshaanza, nayo haijawahi kuiona karakana yenu. Nyufa haziletwi na kutazama. Nilijaribu kuzileta, nikakaa mahali pamoja makusudi, ngozi ikaota na nyufa hazikuongezeka.

Kilichozisababisha nyufa sijui. Labda zilikandamizwa mno zilipotengenezwa, labda chembe zenyewe ni dhaifu. Hilo sitaliandika kama nalijua. Nimeshaandika la kutosha nisilolijua. Ninachoweza kuandika, na nimeandika, na mkuu wangu ametia saini baada ya kunitazama kwa namna ambayo sitaisimulia mezani, ni kwamba seli hizi zilitoka kwa muuzaji zikiwa zimepasuka ndani. Ripoti iko kwenye bahasha hii. Ipo na nakala ya picha niliyokutumia Julai, imepigwa mstari mwekundu, na maelezo ya nani aliyeiotesha ile ngozi. Bwana Mkoba apewe zote, asije akasema tumeficha. Mkutano nao nimemwambia mkuu nitakwenda, ila nitaonyesha picha mbili za chembe moja, kabla sijaitazama na baada.

Shemeji. Kule kuongeza ishibe, uache. Inachakaza betri kidogo, na mpwa wangu alikuwa sahihi kukuambia mara moja, na alikosea kutokuambia mara ya pili. Lakini chaja ile taa ikiwa kijani imeshapunguza nguvu yake, na kidogo chako hakikuweza kufanya niliyoyaona. Utando niliouona kwenye betri yako ni wa betri iliyotunzwa. Nauandika kwenye ripoti kwa neno hilo hilo.

Mpwa wangu, ulisema umechelewa kuambiwa. Ni kweli, na tena nilichochelewa kukuambia hakikuwa kweli. Nilificha uongo kwa miezi, nikautoa siku ambayo ungeumiza zaidi. Sina mzaha wa kuweka hapa, nimetafuta.

Dada, shikamoo. Uzi uache kwenye mpira. Nakuja na lori la mwezi ujao, dereva amesema kiti kipo. Sihitaji sweta. Nataka nikae kwenye ile meza ya chaja na shemeji nimwonyeshe ile picha niliyoipiga na begi begani, kwa sababu yeye aliitazama ile ya kwanza akasema mimi ni mtu makini, na sijalala vizuri tangu nilipoisoma sentensi hiyo.

Uliuliza, shemeji, "Hapa ndipo ilipoungua?" Ndipo. Hukuiunguza wewe. Niliiunguza mimi, nikikutafutia wewe njia ya kutokea.

Mjomba